Nani Mtu Mzima Hapa?

Kisa hiki kilianzia Mombasa, katika Mji wa Kale, wakati wa mojawapo ya zile ziara ambazo wanafunzi wa Kiswahili huziita za kimasomo ingawa nusu yake huishia ufuoni. Kijana mmoja, mwanafunzi wa shahada ya uzamili na mwenyeji wa Bungoma, alikuwa amejitenga na wenzake, akipita katika kichochoro kisicho mbali na Ngome ya Yesu na kuikodolea macho milango ya nakshi kama mtu aliyesahau ni upi wa kwao. Mbele yake akatokea mtoto wa umri wa miaka minane hivi, kanzu nyeupe pe pe pe, kofia kichwani, juzuu kwapani, anatoka chuoni. Alipomfikia alipunguza mwendo, akasema kwa sauti iliyojaa adabu:

"Shikamoo."

Ikumbukwe kwamba kijana huyu hakuwa mgeni wa neno hilo. Alikwisha kuliandikia makala ya semina yenye kurasa kumi na tano. Alikuwa ameeleza humo kwamba husemwa limetokana na "nashika moo", yaani nashika miguu yako. Akautaja Utenzi wa Mwana Kupona, ambao mama yule wa visiwa vya Lamu alimtungia bintiye mnamo mwaka wa 1858 ili kumuusia juu ya mwenendo mwema. Akapata alama za kuridhisha. Lakini maishani mwake mwote neno lenyewe lilikuwa likitoka kinywani mwake na kwenda juu. Halikuwahi kumjia kutoka chini. Basi akageuka nyuma ili amwone mzee anayesalimiwa. Nyuma yake hapakuwa na mtu, ila paka aliyejinyoosha kizingitini. Hapo, kwa haraka ya mwanafunzi aliyeitwa jina akiwa amesinzia darasani, akajibu:

"Shikamoo."

Mtoto alimtazama kwa muda. Pengine alikuwa akijiuliza huyu ni mtu wa namna gani. Lakini alikuwa amefunzwa kwamba salamu haiachwi ikaning'inia hewani. Akasema, "Marahaba," akaenda zake.

Wenzake walipohadithiwa walicheka kutoka Mariakani hadi Mtito Andei. Yeye pia alicheka, kwa kuwa asiyecheka katika hali kama hiyo huongeza mzaha. Hata hivyo, gari lilipokata mbuga usiku na wenzake wakaanza kukoroma, swali lilikuwa limemganda kama kupe: ni lini hasa alikuwa amekuwa mtu wa kuamkiwa?

Kiswahili si bahili wa majina ya umri. Kina mtoto na kigoli, barobaro na kijana, mtu wa makamo, mzee, shaibu na ajuza. Kisichokuwa nacho ni alama ya kuonyesha mahali jina moja linapokomea na jingine kuanzia. Na hili la "mtu mzima" ndilo gumu kupita yote, maana mzima ni aliye hai, tena ni mwenye afya, tena ni kitu kisichovunjika wala kumegwa. Mtu aliye na deni, chumba cha kukodi na sura mbili za tasnifu ambazo hazijaandikwa ana haki ya kusita kabla ya kujiita mzima.

Na ajabu ni kwamba yeye alikuwa ameambiwa siku yenyewe, saa na mahali. Ilikuwa alfajiri ya mwezi wa Agosti, mwaka wa 2010, kwa kuwa Wabukusu huwatahiri wavulana wao katika miaka inayogawika kwa mbili. Alitoka mtoni akiwa amepakwa matope mwili mzima, meno yakigongana kwa baridi, akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Akasimama wima uani mwa baba yake mbele ya kijiji kizima, asipepese jicho. Jeraha lilipopona akaketishwa akausiwa: utoto ameuacha mtoni, awaheshimu wazee, mlango aliokuta umefungwa asiufungue. Usia huu wa mwisho ulihusu wake za watu, lakini ameutii kwa namna pana kuliko ilivyokusudiwa. Milango ya ofisi za Nairobi ameikuta imefungwa mingi, na mingi ameiacha vivyo hivyo, bahasha ya vyeti ikibaki mikononi mwa bawabu.

Sasa tazama mambo yalivyo. Mwezi ule ule, tarehe 27 Agosti 2010, jeraha la kijana halijakauka sawasawa, Kenya ikaidhinisha Katiba mpya katika bustani ya Uhuru. Kifungu cha 260 cha Katiba hiyo kinamfasiri kijana kuwa ni mtu aliyefikia umri wa miaka kumi na minane ambaye hajatimiza thelathini na mitano. Kwa hiyo katika mwezi mmoja mila ilimtangaza kuwa mwanamume kamili, nayo nchi ikatangaza kwamba ujana wenyewe bado haujaanza. Hadi leo, akiwa na miaka ishirini na minane, anaishi katika pengo la kauli hizo mbili.

Ukitaka kujua anavyoishi humo, mfuate siku moja tu. Asubuhi mtoto wa jirani humwita "anko" na kumwomba amfunge kamba za viatu. Saa moja baadaye kondakta wa matatu humwita "mzee", lakini kondakta humwita mzee hata kuku akilipiwa nauli, kwa hiyo hilo halihesabiki. Siku atakapojisahau akasema, "Tafadhali nishushe katika kituo kinachofuata," abiria wote watageuka, naye atabadilika kuwa "Mbongo" na kutozwa shilingi ishirini zaidi. Katika shule ya upili anakofundisha vipindi vichache kwa malipo ya kibarua, yeye ni "mwalimu", na wasichana husimama wima anapoingia. Adhuhuri yuko mbele ya msimamizi wa tasnifu yake, ambapo yeye ni "kijana", kama katika ile kauli, "Kijana, hii si sura ya pili, hii ni huzuni." Jioni keateka wa ploti humwita "bosi" ikiwa ni tarehe mosi, ikifika tarehe sita, humwita kwa nambari ya mlango.

Nyuma ya mlango huo kuna godoro, mtungi wa gesi wa kilo sita, vitabu vilivyopangwa ukutani kama matofali, na kiti kimoja. Kiti hicho kimoja kilikuwa na siku yake ya kuumbuka. Kijana alikuwa amemwalika binti mmoja, mwanafunzi wa isimu, mwenye tabia ya kusikiliza mtu hadi nukta. Kwa siku tatu alikuwa akiyafanyia mazoezi maneno atakayomwambia. Binti alipoingia, kijana akampa kiti. Mwenyewe akaketi kitandani. Mara akaona kwamba kuketi kitandani mbele ya mgeni wa heshima kunaweza kufasiriwa vibaya, akainuka, akaipindua ndoo, akaikalia. Kwa muda wa dakika kumi hivi mambo yalikwenda vizuri. Walikuwa wamefika kwenye neno "sisi", ambalo kwa hesabu yake lilikuwa neno la nne kutoka mwisho, ndoo ilipopasuka, kwacha!

Waliobaki waliongea kuhusu bei ya ndoo. Kisha kuhusu bei ya gesi. Binti alipokuwa akiondoka alimwuliza kwa upole anachotarajia maishani, naye akajibu, "Kuwasilisha tasnifu." Binti alitikisa kichwa kama mtu anayeandika data. Alirudi, hata hivyo, juma lililofuata. Na alikuja na ndoo.

Nyumbani kijijini ndiko taabu ya pengo hili huonekana na kila jicho, hasa kwenye matanga. Wazee huketi chini ya turubai upande mmoja. Vijana huchota maji, hupasua kuni na kubeba viti. Mwanafunzi wa uzamili aende wapi? Akiketi na wazee, watasema digrii imempanda kichwani. Akienda kuchota maji, shangazi zake watalia, "Msomi wetu anabeba mtungi!" Kijana aligundua ufumbuzi ambao hakuna kitabu kilichomfunza: alichukua kiti kimoja akakibeba huku na huku kutwa nzima. Asiyejua angedhani anakipeleka kwa mgeni fulani. Mwingine angedhani anatafuta mahali pa kuketi. Hakuna aliyemwuliza, isipokuwa shangazi mmoja ambaye alimshika mkono katikati ya safari hiyo isiyo na mwisho akamwuliza, "Na mgeni wetu utamleta lini?" Akajibu kwamba hali ikiruhusu. Shangazi akamtazama, akakitazama kiti, akasema kwamba hata yeye alipoolewa hali ilikuwa haijaruhusu.

Hayo ya kuombwa pesa yasemwe kwa ufupi. Zamani aliye mbali aliweza kudai kwamba barua imechelewa au kwamba hakupata mtu wa kumtuma. Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, umbali si udhuru tena. Ombi huingia, na lisilojibiwa hujulikana kuwa limesomwa.

Basi siku moja, akiwa ndani ya matatu katika Barabara ya Thika, simu ya baba yake ililia. Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa chaki na mstari mwekundu, ambaye kwa miaka yote alikuwa akipiga simu kwa sababu tatu: kifo, mvua, na kuuliza tasnifu imefika wapi. Kijana alijiandalia lile jibu la tatu. Lakini baba hakuuliza. Alisalimu, akakohoa, akasema kwamba daktari ameyapima macho yake, na kwamba ni mtoto wa jicho.

Lugha ina mizaha yake. Maradhi ya uzee imeyaita mtoto.

"Anataka kulipasua la kulia kwanza," baba alisema. "Watu wa hapa wanasema jicho halichezewi na wembe. Sijui. Wewe waonaje?"

Matatu ilikuwa imejaa kelele za muziki, lakini swali hilo lilimfikia kana kwamba limesemwa ndani ya sikio. Baba yake hakuwa amewahi kumwuliza anaonaje. Alikuwa amemwuliza mzizi wa mraba wa mia na arobaini na nne, wingi wa "ufa", na nani aliyeacha lango la zizi wazi. Maswali hayo yote yalikuwa na majibu ambayo baba mwenyewe aliyajua. Hili hakulijua. Ndipo kijana alipoikumbuka Desemba iliyopita, baba akiwa ameketi barazani, gazeti mkononi, akimwambia mjukuu wake, "Soma kwa sauti nisikie matamshi yako." Kijana aliyaona hayo kwa macho yake mwenyewe, na akadhani ni ualimu tu.

"Nipe siku mbili, Baba," akasema.

Mtu anapoulizwa neno lililomzidi, humtafuta aliye mkubwa kuliko yeye. Kijana akampigia simu baba mdogo. Baba mdogo alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Alinipigia mimi kwanza. Nikamwambia amwulize msomi." Akampigia mama. Mama, ambaye humwita mwanawe huyu "baba" tangu akiwa hajaota meno, kwa kuwa alipewa jina la babu mzaa mama, alisema, "Mimi ndiye niliyewaambia wakuulize wewe, baba." Akafikiria kumpigia babu, babu alikuwa amekwisha kuzikwa, na mazishi yake yalikuwa ni yale aliyoyazunguka akiwa amebeba kiti. Ngazi aliyodhani ina vidato vingi juu yake ilikuwa imekwisha bila kumwarifu.

Usiku ule aliketi kwenye kiti chake kimoja akasoma. Akajifunza kwamba mtoto wa jicho ni ukungu unaoifunika lenzi iliyo ndani ya jicho, kwamba ndio unaoongoza duniani kwa kusababisha upofu, na kwamba hakuna matone ya dawa ya kuuondoa: lenzi iliyochakaa hutolewa ikawekwa nyingine ya kutengenezwa. Kazi yenyewe aghalabu haichukui hata saa moja, na mgonjwa huwa macho, jicho tu likiwa limetiwa ganzi. Aliandika yote hayo katika daftari, kwa vichwa na vifungu. Hayo ndiyo mapitio ya maandishi pekee aliyoyakamilisha mwaka huo. Binti wa isimu aliyasoma akasema kwamba hoja zinafuatana. Kisha akauliza kama analia. Akasema ni mwanga wa simu.

Siku ya pili alipiga simu. Alikuwa amejiandaa kwa hoja tatu na pingamizi zake.

"Baba, naona upasuliwe," akaanza.

"Haya," baba akasema.

Hapakuwa na pingamizi. Neno "haya" halijapata kumtisha mtu kiasi hicho. Angalau baba angebisha kidogo! Angemwambia wewe ni mtoto, wajua nini. Badala yake mzee akauliza tu kama mahindi yauzwe sasa au yangoje bei ipande, na hilo nalo likawa limetupwa mikononi mwake kama mtoto mchanga wa jirani.

Walikutana hospitalini, katika mji mmoja wa magharibi, yeye akiwa ametoka kwenye basi la usiku na shati lenye mikunjo ya ramani. Baba alikuwa benchini amevaa koti la siku za ukaguzi. Mama alikuwa na kikapu. Baba mdogo alikuwa amekuja kwa ajili ya kuwa shahidi wa mambo, kama kawaida yake. Muuguzi akatokea na karatasi mkononi, akamtazama mgonjwa aliyekuwa akitabasamu kuelekea upande usio na mtu, akaona kwamba hawezi kuisoma.

"Nani mtu mzima hapa?" akauliza. "Amsomee mzee fomu hii, kisha naye atie saini."

Mama akamtazama kijana. Baba mdogo akamtazama kijana. Baba akageuza uso pale alipokisia kwamba kijana amesimama. Naye kijana, Mungu amsamehe, akageuka nyuma.

Nyuma yake kulikuwa na ukuta, na bango lililowahimiza watu kunawa mikono.

Akaichukua fomu. Akamsomea baba yake kila mstari, polepole, pamoja na ile mistari inayotaja mambo yanayoweza kwenda mrama, ambayo sauti yake ilitaka kuiruka. Baba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, midomo ikichezacheza, kama aliyekuwa akipima matamshi. Kalamu ya kwanza haikuandika. Ya pili ilikuwa ya muuguzi. Akaandika jina lake, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu. Palipoandikwa "Uhusiano na mgonjwa" akatia neno moja, akasaini, akarudisha.

Muuguzi aliisoma akainua uso. "Wewe ndiye baba yake?"

Kijana akaitazama fomu. Kweli alikuwa ameandika "Baba".

"Mimi humwita hivyo," mama akasema kutoka benchini, kama kwamba jambo hilo limekwisha, na akaendelea kupanga chupa za chai.

Baba mdogo alicheka hadi akatoka nje. Mgonjwa mwenyewe alicheka, mabega yakitikisika ndani ya koti la ukaguzi, na alikuwa bado anacheka alipoongozwa kupita kwenye ule mlango, ambao ulijifunga nyuma yake. Kijana aliutazama mlango huo kwa dakika arobaini. Hakuna usia uliopata kumwambia afanye nini na mlango uliofungwa huku baba yake akiwa upande wa pili.

Kesho yake walikaa kwenye benchi lile lile, bendeji ikafunguliwa. Baba alipepesa. Alitazama viganja vyake kwanza, akavigeuza. Akamtazama mama kwa muda mrefu kidogo, hata mama akarekebisha leso. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Umekonda," akasema. "Huko Nairobi wewe hula?"

Kijana akasema hula. Baba hakusadiki, na hakuficha kwamba hasadiki. Jicho lake jipya lilikwisha kumpita na kupanda ukutani, likatua kwenye bango. Akaanza kulisoma kwa sauti, neno baada ya neno, kwa ile sauti yake ya darasa la nne, hadi wagonjwa wengine wakanyamaza kumsikiliza. Alipofika mstari wa tatu akasimama, akanyoosha kidole.

"'Kwa sababu' huandikwa maneno mawili," akasema. "Hapo wameyaunga."

Kijana akageuka akatazama. Yalikuwa yameungwa. Siku mbili alikuwa amesimama na kuketi chini ya bango hilo, mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili, na hakuwa ameliona kosa.

"Una kalamu?" baba akauliza.